Sarafu ya Lifti

Katika jengo letu, mtaa wa Gldani, Tbilisi,
lifti haipandi bure.
Ina kisanduku cha bati chenye mdomo mwembamba, mdomo wa mchoyo;
ukikilisha tetri kumi kinapiga kwikwi, mlango unajifunga,
nawe unapanda ukinusa kabichi za watu.

Nilihamia ghorofa ya tisa mwezi wa Novemba
na masanduku mawili, birika, na talaka yenye mihuri mitatu.
Anwani sikumpa mtu.
Mama mwenyewe nilimwambia nipo Kutaisi.

Siku ya nne niliingia na sarafu mkononi,
nikakuta taa ya kisanduku imekwisha kuwaka.
Imelipiwa.
Nikadhani aliyetangulia kasahau. Nikashukuru,
kama panya anavyoshukuru chambo.

Siku ya tano, imelipiwa.
Ya sita. Ya kumi.
Nikichelewa kazini, nikirudi saa sita usiku theluji ikiniingia kolani,
lifti iko chini, mlango wazi, taa inawaka,
mithili ya mume aliyekesha.

Hapo nikakutambua, Gocha.
Wewe uliyenimenyea machungwa nisiyoyataka,
uliyepiga magoti mbele za watu ukanifunga kamba za viatu,
ukakaza fundo hadi vidole vikafa ganzi,
ukisema, "Nisipokutunza mimi, nani?"
Watu walinionea wivu.

Kituoni, afisa Besiki alikuwa anakula mbegu za alizeti.
Amekupiga? La.
Amekutishia? La.
Sasa amefanya nini?
Ananilipia lifti.
Alicheka mpaka ganda likampalia.
"Dada, mke wangu angefurahi."

Nikahamia kwenye ngazi. Vidato mia moja arobaini na vinne.
Lifti ikapanda nami ukutani, tupu, polepole,
ikafika tisa kabla yangu,
ikanifungulia mlango.

Tetri zangu, zile ambazo hukuniacha nizilipe,
nikazitia kwenye chupa ya achari, moja kwa kila usiku.
Bibi Tsiala wa ghorofa ya saba aliiona, akauliza nadunduliza nini.
Sikumjibu. Akaendelea na yake:
"Yule mpangaji mpya wa ghorofa ya kumi, mstaarabu kweli.
Hana kitanda, hana meza. Ana kiti tu,
kakiweka katikati ya chumba."

Usiku ule nilitoka jikoni hadi kitandani, hatua kumi na moja.
Darini, hatua kumi na moja.
Nikasimama.
Zikasimama.

Kisha Jumamosi moja ya Machi, umeme ukakatika.
Nilikuwa gizani, nimeshika chuma cha ngazi karibu na ya saba;
lifti ikagugumia, ikakwama, ikanyamaza.
Dakika tatu. Umeme ukarudi.
Lakini kisanduku kile kikizimika
husahau kilicholipwa.

Ndani ya bati, sauti niliyoolewa nayo:
"Lamzira. Una tetri kumi?"

Nilipanda, nikaichukua chupa, nikashuka, nikaketi kidatoni.
Nikazimwaga sarafu moja moja kwenye saruji uzisikie.
Novemba ishirini na nne. Novemba ishirini na tano.
Ulicheka. Ukabembeleza. Desemba yote ulinitukana,
Januari ukalia, ukaniita jina ambalo mama yako peke yake hulitumia.
Bibi Tsiala alifungua mlango akiwa na kanga za nywele kichwani,
akasikiliza,
akaenda kuleta kiti chake.

Mia na nne.
Ya mwisho niliilaza penye ufa wa mlango,
mahali jicho linafika
na kidole hakifiki.

Fundi ataitwa asubuhi. Besiki pia, na mbegu zake.
Leo nimevua viatu, nikazima taa.
Kwa mara ya kwanza tangu mihuri ile mitatu
najua ulipo.
Natembea jikoni hadi kitandani, kitandani hadi dirishani,
narudi, nazunguka, naruka ruka kama mtoto,
na juu yangu kiti kimekaa peke yake.