Tini, Yuu

Bi Somoe amenipangisha chumba cha kati, Mkomani,
na jiko liko darini, kama nyumba nyingi za zamani hapa.
Kutwa nasikia: panda yuu, shuka tini,
rudisha sinia.
Mimi wa Voi nasema juu. Nasema chini.
Ananitazama kama niliyetia chumvi kwenye chai.

Leo kauliza nawafundisha nini wasichana wa kidato cha nne
hata narudi na chaki mpaka kwenye nyusi.
Nikachukua ndizi moja sahanini.

Humu mna potasiamu,
na katika potasiamu mna atomi chache zisizotulia.
Ndani ya atomi kiini, ndani ya kiini nyutroni,
ndani ya nyutroni kwaki tatu:
moja ya juu, mbili za chini.
"Za tini."
Za tini.
Basi siku moja, bila sababu ya kutajika,
moja ya tini hugeuka ikawa ya yuu.
Haipandi ngazi.
Hubadilika palepale ilipo, jina na chaji,
na nyutroni ikaamka protoni.

"Kaigeuza nani?"
Nguvu dhaifu.
Akacheka mpaka ushungi ukamwanguka begani.
"Dhaifu, kisha igeuze kitu!"

Nikamweleza lile deni: mjumbe wa kazi hiyo
ni mzito mara themanini na kitu kuliko nyutroni yenyewe,
hivyo nyutroni hukopa uzito isiokuwa nao
na kuulipa kabla mwenye duka hajafungua daftari.
Mkopo kama huo haupatikani kila siku.
Udhaifu wake ndio huo, kuchelewa.
Atomi moja itangoja miaka bilioni.
Nyingine, sasa hivi, hapa sahanini,
imetema elektroni
na kijichembe kilichopita ukutani bila hodi,
kikapita Manda, kikapita mwezi,
hakikumgusa mtu.

"Na ndizi ikawa nini?"
Ndizi ni ndizi. Ila ile atomi moja si potasiamu tena.
Ni kalsiamu.
Nikagusa ukuta, penye kidaka kilichobanduka:
iliyomo humu, katika chokaa.

Akakwangua kwa ukucha.
Akautazama ule unga mweupe, akaitazama ndizi.
"Ile basi," akasema, "kabla haijawa nyumba."

Usiku nikampigia mama simu.
Akauliza nitalala wapi na joto hili.
Yuu, nikamjibu, darini.
Laini ikanyamaza kidogo.
"Umesema wapi?"