Daraja la Mwisho, Ana Unyevu

Muswada wa kwanza ulilia tangu mstari wa kwanza.
Mvua ililia, bani la tumbaku lililia,
hata jembe, kule pembeni, nililigawia machozi.
Nikamsomea dada yangu Nyamizi, barazani kwake, Urambo,
naye anachambua uyoga kwenye ungo,
anatupa wenye funza.

Alivumilia hadi ukurasa wa tisa.
"Huyu mtoto ni nani?"
Nikasema ni mimi.
"Wewe hukulia hivyo. Wewe ulikuwa unahesabu."

Kweli, nilikuwa nahesabu.
Majani kwenye ufito, fito ndani ya bani,
hatua za kwenda kisimani usiku, nikiogopa fisi:
mia nne na kumi na mbili. Za kurudi zilikuwa chache
kwa sababu nilikimbia.
Nilihesabu pia nilivyotapika
siku tulipovuna majani yana umande
(wakubwa walisema ni ulevi wa tumbaku, utazoea):
mara sita, na ya saba ilikuwa maji matupu.

"Na mizani je? Mbona mizani hukuiweka?"

Nilikuwa nimeiacha. Niliona aibu kwamba inachekesha.
Siku ya soko, karani Lutonja wa chama cha msingi
alimaliza marobota, akatupandisha sisi,
akatuandika daftarini kwa wino uleule:
Nyamizi, kilo ishirini na tatu, daraja la pili.
Kashindye, kilo kumi na sita, daraja la mwisho, ana unyevu.
Tukacheka hadi baba naye akacheka,
baba ambaye msimu ule, baada ya makato ya mbolea,
alilipwa deni.

Nyamizi akacheka upya, ungo ukamponyoka.
Nikiokota uyoga chini ya kigoda
nikaona nilipokosea:
nilimlilia mtoto kabla hajaumia,
nikamfunika blanketi la huruma gubigubi
hata msomaji asimwone pua.
Ukisimulia njaa kwa kwikwi, unashiba wewe;
msomaji anabaki kukushikia leso.

Nikaandika upya. Njaa ni ileile,
michembe ni ileile, asubuhi na usiku,
nilichobadili ni pumzi tu.
Nikamwachia mtoto ahesabu.

Lakini kuna ukurasa wa themanini na saba.
Mwaka ule pesa ya sare ilitosha mwili mmoja.
Niliuandika kwa kicheko, ukanuka.
Nikauandika kwa hasira, nikamsuta baba,
naye yuko kaburini, hawezi kunijibu.
Nikauandika kama barua, kama sala, kama risiti.
Mwishowe nikamkabidhi Nyamizi.

Alisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno,
midomo ikitangulia sauti,
usomaji wa mtu aliyekutana na herufi
akiwa tayari ana watoto watatu.
Hakucheka.
Toni ni neno langu mimi, la chuoni; yeye aliomba kalamu.
Akakata mstari, akakata mwingine,
akakata aya yote niliyokesha nayo,
akabakiza huu:

Jumatatu Kashindye alikwenda shule.

Jina lake mwenyewe alilikata mara mbili.
Kalamu ikatoboa karatasi.