Kielelezo Namba Saba

Nilikinunua Posta, juu ya turubai kando ya njia,
kati ya biolojia ya kidato cha tatu
na mwongozo wa kufuga kuku wa nyama.
"Hiki kina damu, mama," muuzaji akasema. "Elfu nne."
Nikampa tatu na nusu.

Usiku, Tabata, umeme umekatika.
Nasoma kwa tochi ya simu, kisahani cha karanga ubavuni,
na nakiri: nilisoma kwa uroho.
Nilitaka kujua ni nani.
Nikaruka msiba. Nikaruka ukurasa mzima
wa mama mtu akifua shati.
Nikafunua mwisho kama mtoto afunuavyo chungu
wageni hawajanawa.

Fulgensi Nditi, karani wa ghala la mbao, Keko.
Aliona magogo yanayoingia
hayalingani na magogo yanayoandikwa.
Ijumaa aliaga. Jumatatu akaokotwa bonde la Msimbazi,
kiatu kimoja mguuni, kalamu bado mfukoni.
Mwandishi anaandika vizuri.
Vizuri mno: mvua yake hunyesha
pale pale panapotakiwa mvua.

Kisha familia. Baba, mstaafu wa reli, koti la kaki;
dada mkubwa, Skolastika, na mfuko wa rambo.
Wakaenda Kisutu.
Upelelezi haujakamilika. Wakarudi.
Upelelezi haujakamilika.
Hakimu yuko likizo.
Jalada limepelekwa juu. Jalada limeshuka.
Jalada halionekani.
Upelelezi, mheshimiwa, haujakamilika.
"Mara sitini na tatu," mwandishi anasema, "kwa miaka saba."
Nukta. Sura mpya.

Nikaketi kitandani.
Sentensi hiyo naijua. Nimewahi kukaa ndani yake.

Miaka ile nilikuwa na mashine ya fotokopi
koridoni, hatua arobaini toka geti la mahakama,
shilingi hamsini ukurasa, mia ukitaka pande mbili.
Skolastika hakuwahi kukalia benchi langu.
Alizipanga sarafu juu ya kioo cha mashine
mpaka nimwambie azitoe, zitachapwa.
Siku moja zilipungua mia mbili.
Nikamwambia, biashara ni biashara, dada.
Akavua saa yake, akaniachia.
Siku ya tatu akaja kuikomboa, akasema asante.
Asante!

Na mzee aliniuliza mara moja tu:
"Hiki chombo chako hakichoki?"
"Kinachoka, baba. Tunakibadilishia wino."
"Basi kina bahati," akasema, akaangalia ukuta.

Hayo hayamo kitabuni. Nimetafuta.

Ila ukurasa wa mia mbili na nne kuna picha:
Kielelezo Namba Saba, nakala ya daftari la marehemu,
safu za magogo, saba zake zina kikwaju kiunoni,
mwandiko umeinamia kulia kama mtu anayewahi.
Ukurasa huo, kitabu kinasema, ndio uliomfunga mwenye ghala.
Mzee alikuwa amezikwa miezi miwili kabla.
Na pembeni, chini, kivuli cha gumba,
ukucha umepinda
kama mtu aliyebanwa na mlango utotoni.

Nikaweka gumba langu juu yake.
Likaenea.

Sikujua. Naapa sikujua nilichokuwa nimekishika;
nilikuwa nawaza kodi ya chumba,
nawaza karatasi inakwama,
nikabana ukingo usipeperushwe na feni.
Mwandishi hakukiona kivuli, au alikiona akadhani ni uchafu.

Umeme umerudi. Friji la jirani linaguguma.
Karanga nimezisukuma mbali.
Ile mia mbili, sasa, nimdai nani,
anidai nani?

Nimerudi ukurasa wa kumi na tisa.
Mama anafua shati la Fulgensi.
Nasoma polepole, kidole chini ya kila neno.
Maji ya kwanza.
Maji ya pili.
Bado hayajatakata.