Bahasha ya Hammonton

Jua la Februari huku New Jersey ni jua la jina:
linapita juu ya ghala la bluberi
kama mkaguzi mwenye haraka, haligusi kitu.
Ndani, majokofu yananguruma.
Mzee Ottavio Scarpelli ametandaza mezani
kurasa arobaini na moja za wito wa zabuni
kutoka kampuni ya umeme.
"Nieleze," ananiambia, "kama unavyomweleza mtoto,
lakini mtoto mwenye deni."

Namweleza.
Paneli zikizalisha megawati moja kwa saa nzima
wanazaliwa pacha wasiofanana:
umeme, unaokimbilia kwenye majokofu yako,
na cheti, kisichowasha hata balbu,
kinachosema tu kwamba umeme ule ulitoka juani.
Umeme unautumia. Cheti unakiuza.
"Nani anunue karatasi?"
Anayelazimishwa. Sheria ya jimbo inamtaka muuza umeme
aonyeshe vyeti vyake mwisho wa mwaka
au alipe faini. Vyeti vikiwa haba, bei inapaa;
paneli zikienea kila paa, bei inaporomoka
kama nyanya za saa kumi na mbili jioni.
Na benki haikopeshi kwa nyanya.

Ndiyo maana ya wito huu: miaka kumi, bei moja.
Unaitaja mara moja, ndani ya bahasha,
hujui jirani yako ametaja nini.
Hakuna "ongeza kidogo", hakuna "basi chukua".
Wanazipanga kuanzia ya chini,
wanachukua, wanachukua, hadi kapu lijae;
anayefuata, hata kwa tofauti ya senti,
anarudi nyumbani na paa lake.
Kisha bodi ya jimbo iseme ndiyo.
Na amana unaitoa kwanza: ukishinda usijenge, imekwenda.

Mimi nililelewa nyuma ya kaunta, Tabora.
Mali bila daftari hupotea bila habari,
nilifunzwa hivyo kabla ya kujua kusoma.
Hii biashara inanitatiza:
hapa daftari ndilo mali.

Yeye anataka dola mia mbili na kumi.
Hesabu yangu inasema mia na sabini.
"Vineland kuna shule yenye paa refu kama stesheni,
hao watashuka hata mia na hamsini."
"Umewaona?"
Sijawaona. Ndiyo nguvu ya bahasha,
unapatana bei na mtu uliyemtunga mwenyewe.

Ananyamaza. Anahesabu kwa vidole, si pesa.
"Sabini na minane. Ongeza kumi."
Namwonyesha kifungu cha kumi na tisa: mrithi anaruhusiwa.
Loredana ni muuguzi Philadelphia.
Hali hata jamu ya bluberi.

Ndipo anaichukua kalamu.
Miaka thelathini mnadani, anasema,
nimeona watu wanavyopenda sifuri.
Anaandika mia na sitini na tisa,
na senti themanini na saba.
Kesho yake, saa nne kasorobo, ninaituma;
mlango unafungwa saa sita.

Barua ilikuja Mei, maua yamejaa.
Akaiweka chini ya kopo la kahawa siku mbili,
hadi wapogoaji wamelipwa.
Tulikuwa wa mwisho kuingia kapuni.

Juni ya mwaka uliofuata cheti cha kwanza kilitoka:
namba ndefu kwenye kompyuta, basi.
Alitaka kichapwe. Nikamwambia si chetu tena,
kimeshauzwa tangu bahasha.
"Nakala," akasema.
Ameibandika kwenye mlango wa jokofu namba mbili,
kando ya bei za makreti.

"Humu mna siku zipi?"
Nikatazama mita. Tarehe tatu hadi kumi.
"Ya tano ilinyesha kutwa."
"Ndiyo."
Akaguna, akavaa kofia yake.
"Basi na mvua wameilipia."