Bandika Bandua

Saa nane za usiku, Karolina Kaskazini,
karakana ya Lingle, nyuma ya kiwanda cha soksi
kilichofungwa kabla Ardith hajaota meno ya utu uzima.
Mezani, injini nusu: haina mafuta, haina moto,
haina hata pistoni.
Mota ya umeme inaizungusha
kama mfu anayefundishwa kukimbia.

Ardith Honeycutt kaziba masikio. Soda yake imeishiwa gesi.
Elfu sita kwa dakika. Vali inafunguka, inafunga,
bandika bandua, bandika bandua,
jicho haliambulii ila ukungu wa chuma.
Anawasha taa ya kumwekamweka
na mwendo unakatwa vipande:
springi imesimama.
Uongo mtupu, anajua,
lakini uongo wenye adabu,
unaotoa ukweli kidogo kidogo.

Kupanda si kitu. Nundu ya kamshafti husukuma,
na asiyetaka hupanda vilevile.
Kurudi ndiko kwenye shaka.
Hakuna wa kuirudisha vali nyumbani
ila springi mbili, moja ndani ya nyingine kama mimba.
Zikichelewa unywele mmoja,
roka na nundu, waliokuwa sako kwa bako, huachana,
na vali huelea.
Kuelea! Neno pole mno
kwa jambo linalotoboa pistoni.

Elfu nane mia tisa.
Anachelewesha taa kidogo, springi inaanza kutembea:
pindo la tatu linajisogeza, la nne linaliiga,
wimbi linashuka, linagonga chini, linapanda tena,
ilhali vali imekwisha kufika kitini
na ilipaswa kutulia.
Haitulii. Inadunda mara moja, mara mbili,
kama mgeni aliyekwisha kuaga
akakumbuka neno mlangoni.

Katika droo ya kushoto mna vali iliyopinda.
Ni ya kaka yake, Garland: Julai,
uwanja wa udongo mwekundu, mzunguko wa thelathini na moja,
anaongoza.
Garland yu hai. Anauza mabati huko Hickory,
na mvua ikipiga juu ya sampuli zake
hutoka nje akasimama ndani ya lori.

Wote walisema springi ilikuwa legevu.
Wakaweka ngumu; fimbo ikapinda.
Wakaweka fimbo nene; nundu ikalika.
Kamba hukatikia pembamba, sawa,
lakini ukinenepesha hapa
wembamba huhamia kule,
na hauagi.

Safari hii Ardith hakuongeza nguvu.
Alilinyoa bega la nundu, likawa mteremko
badala ya ukuta, vali ishuke kwa kunyata.
Akapunguza vali yenyewe gramu nne.
Lingle aliguna: gramu nne? Hata shilingi ya mfukoni ni nzito zaidi.
Hakumjibu. Mara sabini na nane kwa sekunde,
gramu nne si gramu nne.

Elfu tisa. Kimya kwenye kioo cha leza.
Elfu tisa mia mbili. Mstari umelala.
Elfu tisa mia nne, na vali inafika kitini
kama mama anayelaza mtoto aliyesinzia,
anatoa mkono wa kwanza, kisha wa pili.
Ardith hapumui.

Elfu tisa mia sita: wimbi lile, mgeni yule,
mlangoni.

Anazima. Mota inapungua pumzi,
vali zinahesabika sasa, kwa sikio tupu,
tatu, mbili.
Anaandika kwa penseli kwenye kipande cha boksi:
*9,400. Usipite.*
Dereva ni Ransom Sigmon, miaka ishirini na miwili.
Jumamosi kutakuwa na gari mbele yake
na mguu wake wa kulia haujui kusoma.

Ardith anatafuta kalamu ya wino,
anaandika upya juu ya penseli,
kisha anafungua droo ya kushoto
na kuifunga karatasi kwenye ile vali, kwa waya.