Mmefika

Twalib ndiye aliyenipeleka kwa babu zangu,
yeye mzaliwa wa Nakuru, asiyeijua Jomvu,
simu mkononi kama kata ya maji iliyojaa hadi ukingoni.
"Shangazi, ni mchezo tu. Watu huficha kopo,
setilaiti ikakwambia lilipo, ukalitafuta,
ukaandika jina lako ndani, ukaenda zako."
Kusini nyuzi nne, na vipande vyake.
Mashariki thelathini na tisa, na vipande vyake.
Nikacheka. Mie na udongo huu wa Jomvu Kuu
tulijuana kabla yeye hajaota jino.

Tukaambaa na ukuta wa yadi ya makontena,
tukaruka mtaro unaonuka dizeli,
tukaingia kichakani tumeinama,
upupu ukinilamba kifundo cha mguu.
Mita arubaini. Mita kumi na mbili.
Mita tatu, na simu ikatetemeka kama mwenye homa,
ikasema kwa sauti ya mwanamke asiye na kwao:
Umefika.

Nikaona jiwe la matumbawe, kisha jingine,
kisha ule mnara mfupi ulioinamia kibla
kama aliyeanza kurukuu akasahauliwa hapo.
Nikajua nilipo.

Nilikuwa na miaka sita. Nyanya, Mwana Shali,
aliniambia nivue ndara.
Akamwaga marashi kutoka chupa ya dawa ya kikohozi,
akataja majina, moja moja, akigusa kila jiwe
kama anayehesabu vichwa vya wanawe usiku.
Mimi nilikuwa nawaza mkate wa sinia.

"Shangazi, nimelipata!"
Kopo la mafuta ya kupikia, limevishwa mfuko wa nailoni,
limesukumwa ndani ya tundu la kaburi,
tundu lililoshika zamani bakuli la Kichina,
la buluu, lenye samaki wawili.
Samaki hao nawakumbuka kuliko majina.

Ndani: kijitabu, kalamu ya risasi, shilingi tano,
gari jekundu la mtoto, gurudumu moja halipo,
kifungo cha koti.
Na majina, majina!
Henrik na Maja.
Kiprono, aliyekuja na mkewe siku ya mvua.
Mabaharia wawili wa meli ya ngano.
"Mahali patulivu. Hapana mtu."
Na mmoja ameandika, bila haya wala ubaya:
"Nimechukua kigae cha buluu. Nimeacha kifungo."

Nikakishika hicho kifungo.
Matundu manne, uzi bado umo.
Nikatafuta hasira, nikaikosa.
Bakuli hakulivunja yeye. Lilivunjwa na mzizi,
na mzizi ulinenepa kwa kukosa panga,
na panga lilikuwa kwangu, nyuma ya mlango,
miaka thelathini na mmoja,
likipasua madafu.

"Haya, andika jina lako," Twalib akasema.
Nikaandika: Mwana Mize.
Nikaandika: Shekuwe, aliyekuwa na kibiongo.
Mbwana Haji, mwalimu wa watoto watundu.
Nikaacha mistari miwili mitupu
ya wale walionipita
nikiwa na njaa.

Kisha nikafanya hila.
Nikalichukua kopo, nikahesabu hatua kumi na moja,
nikalificha nje ya mava,
chini ya jiwe lisilo na mwenyewe.
Twalib akang'aka: "Lakini simu itazidi kuwaleta hapa!"
"Na iwalete."

Waje wapige magoti.
Waung'oe upupu, wajikune, waung'oe tena.
Wapekue majani makavu jiwe hadi jiwe,
wapanguse kila tundu kwa kidole,
watafute, watafute, mpaka mava yatakate,
na yule mwanamke wa simuni asiye na kwao
akiwaambia mmefika,
asiwe amekosea.

Mimi Ijumaa narudi na panga.
Kifungo nimekitia mfukoni.
Akija mwenyewe na kigae chetu,
tutabadilishana.