Farasi Wawili wa Negishi

Gari haliendi popote leo.
Tumelifunga mikanda minne, miwili mbele, miwili nyuma,
kama fahali wa kuchanjwa,
magurudumu ya nyuma juu ya rola,
pua mbele ya feni kubwa inayojifanya barabara.
Nje, upepo wa Akagi unapigapiga bati,
na Januari ya mji wa Ota haina huruma na vidole.

Daktari wa meno Tsukagoshi amesimama nyuma ya kioo,
mikono mgongoni,
kama mtu anayesubiri majibu ya damu.
Aliyemuuzia alimwambia: farasi mia nne.
Mwamba ngozi huvutia kwake,
lakini hilo sikumwambia. Nilimuuliza tu
ameweka mafuta gani, na lini.

Gia ya nne. Nakanyaga taratibu, kisha siombi ruhusa.
Elfu mbili. Elfu tatu: turbo inavuta pumzi
kama mtoto kabla hajalia.
Elfu tano, vikombe vya chai vinatembea rafuni,
sakafu inanipanda magotini,
elfu sita, na ushei,
na hapo mstari mwekundu kwenye skrini unachoka,
unainama,
ilhali ngurumo bado inapanda.
Hilo ndilo watu hawaliamini:
kelele hupanda hata nguvu ikishashuka.

Naachia.
Rola zinazunguka muda mrefu, zikinung'unika.
Mara ya pili. Mara ya tatu. Siamini kipimo kimoja,
wala viwili vikifanana mno.

Mia tatu hamsini na tisa.

Daktari anaisogeza karatasi kwenye mwanga.
"Arobaini na mmoja wameenda wapi?"
Kana kwamba nimeacha zizi wazi.
Namweleza: wengine wameliwa na gia, wengine na matairi,
wengine hawakuzaliwa kabisa.
Anauliza kwa sauti ndogo,
ile anayoisikia kila siku kitini pake, mdomo ukiwa wazi:
"Hakuna namna?"

Namna ipo.
Kuna waya mwembamba, kichwa chake kama punje ya mchele,
kazi yake kupima joto la hewa.
Injini inayovuta hewa ya moto, kompyuta huionea huruma,
huiongezea kidogo.
Usogeze waya ule shubiri moja karibu na ekzosi
na farasi watazaliwa bila mama.

Niliwahi kufanya hivyo. Mara moja.
Negishi, mwenye karakana hii, alikuwa na injini yake,
Jumapili za miaka kumi na mmoja,
kila pistoni ameipima kwenye mizani ya jikoni ya mkewe.
Mia mbili tisini na nane.
Tulipima mara tano: mia mbili tisini na nane.
Akatoka nje kuvuta sigara,
nami nikaunyoosha mkono chini ya boneti.

Mara ya sita: mia tatu kamili.
Nilipiga makofi, peke yangu.
Negishi akaitazama karatasi,
kisha akakitazama kidole gumba changu,
kilichokwisha kuvimba lengelenge.
Akafungua droo, akanipa dawa ya kuungua,
akatoa penseli nyuma ya sikio,
akakata namba, akaandika ile nyingine.
Hakunifukuza. Tulikula tambi kimya,
akanilipia.

Karatasi ile ipo hapo juu ya birika,
imekunjamana kwa mvuke,
penseli inasomeka kuliko wino.

Daktari anasubiri.
Naichomoa mikanda, mmoja, wa pili, wa tatu.
"Lakini linasikika kama mia nne," anasema.
"Linasikika," nasema,
na kuinama kuufungua wa mwisho.